Duara Moja la Adhabu

Boya lilikuwa la njano, kubwa kama pipa la divai,
na nililiona. Niseme ukweli: nililiona.
Nilidhani upepo utanipa hatua mbili zaidi,
upepo wa ziwa Balaton, ambao haujawahi kumkopesha mtu
hata pumzi moja bila riba.

Tup.
Sauti ndogo, kama goti la mtoto kwenye ndoo.
Ilisikika hadi mashua ya Kázmér,
na Kázmér, mwenye duka la rangi pale Alsóörs,
akainua kofia kunisalimu
kwa adabu iliyozidi matusi.
Kuteleza si kuanguka, ila ukiteleza mbele ya Kázmér
mambo hayo mawili yanakaribiana sana.

Sheria ni fupi: ukiligusa boya,
zunguka duara zima, jilipishe mwenyewe.
Hakuna refa majini, hakuna filimbi.

Dezső, aliyeng'oa meno ya watu miaka arobaini,
hakusema kitu. Alishika kamba ya tanga la mbele
kama alivyokuwa akishika kidevu cha mgonjwa.
Bori, mpwa wangu, ana miaka kumi na saba: alisema yote.
Nilimwacha amalize.
Kisha nikasukuma usukani.

Sijui kama umewahi kuzunguka mahali pamoja
huku wenzako wakienda.
Szöcske, jina ambalo maana yake ni panzi,
siku hiyo iligeuka kama ng'ombe mlangoni mwa zizi.
Omo ikakata upepo, matanga yakapiga makofi,
tukainamisha vichwa, mti wa tanga ukapita juu yetu.
Nikaona minara ya kanisa la Tihany, kisha mizabibu,
kisha maghorofa ya ng'ambo, kisha minara tena:
dunia nzima imepangwa foleni kunikagua.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja nyuma.
Yangu hayakungoja. Yalikaa tezini, bega kwa bega nami,
yakafungua mkate wangu wa soseji, yakanong'ona:
Wote wameenda kushoto. Wewe nenda kulia.
Pengine huko kuna upepo wako peke yako.
Pengine utawapita wote kwa mpigo.

Nalijua pengine hilo.
Mwaka juzi nililifuata hadi ndani ya matete,
tukafika gatini wenzetu wameshalamba vijiko vya supu.
Kosa la kwanza lilikuwa la mkono.
La pili lilikuwa la hasira.

"Emőke," akasema Dezső,
neno lake la kwanza tangu saa kumi na moja,
"tanga linapwaya."
Basi. Si pole, si lawama.
Nikatazama tanga.

Akavuta kidogo. Nikalegeza kidogo. Bori akahamia
upande wa joshi, bado amenuna,
lakini sasa amenuna mahali panapofaa.
Maji yakaanza kutamka chini ya mkuku
ile silabi yao moja, moja, moja.
Sikuwatazama tena walio mbele;
nilitazama uzi mwekundu ulioshonwa tangani,
ukilala, ukiinuka, ukilala.

Kwenye boya la tatu tulimkuta mmoja,
tanga lake la puto limejisokota mlingotini
kama shuka la mtu mwenye homa.
Tulimpita kimya. Hatukuinua kofia.
Mwingine tulimpita karibu na mwisho, sijui vipi.
Labda alikuwa bado anacheka.

Tulimaliza wa tisa kati ya kumi na nne.
Kázmér wa pili; akawanunulia wote divai.
Ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloudhi.

Gizani, tukikunja tanga, Bori akauliza:
"Kama wasingesikia, ungezunguka?"
Nikamwambia ashike pembe vizuri, kitambaa kimelowa.
Akashika. Akangoja.

Ubavuni mwa Szöcske, upande wa kushoto,
kuna alama ya njano ndogo kuliko ukucha.
Sabuni ninayo. Kitambaa ninacho.
Sijaifuta.